Mkoromo wa Baba

Nani kawaambia mkoromo ni kelele? Kwetu ulikuwa burudani. Baba yetu, fundi cherehani, akishakula mchana alijiegemeza kwenye kiti chake cha mbao, futi ya kupimia bado i shingoni, na kabla Mama hajamaliza kuondoa sahani, mzee alikuwa keshazama. Alikoroma mpaka majirani wakasema mwenye usingizi mzito kama ule ana moyo safi. Nasi tukavimba vichwa.

Utamu wenyewe ulikuwa pale mkoromo ulipokatika. Baba alinguruma, akanguruma, kisha kimya. Kifua hakipandi, hakishuki. Sisi watoto tulijiziba vinywa tukingoja, mpaka aruke na pumzi moja kubwa, "Khaaa!", nasi tuanguke sakafuni kwa kicheko. Mama alicheka kuliko sisi, akifuta machozi kwa ncha ya kanga. Jamani, natamani siku moja tu ya mchana ule.

Mdogo wangu tunamwita Redio, maana hakuna sauti asiyoweza kuiiga, na hiyo ya Baba aliigeuza maonyesho. Ukoo ukikutana, iwe kwa furaha au kwa msiba, lazima wamwombe: "Redio, hebu tulalie kidogo!" Naye atajilaza chali, atanguruma, atakata, atatuacha roho juu, halafu "Khaaa!" Shangazi zetu walishikana mabega kwa kucheka. Hata baada ya Baba kulala siku moja asiamke, Redio aliendelea kumwiga, na sisi ndio tuliomtaka aendelee. Watu walisema mzee kafa kifo kizuri. Hata mimi nilisema hivyo.

Redio akakua, akawa dereva wa basi la shule. Tumbo likamtangulia, shingo ikanenepa, na usingizi wa Baba ukamwingia. Anasinzia mezani, anasinzia ukizungumza naye, anaamka kichwa kinamgonga, presha imekataa kushuka hata kwa dawa. Mkewe, kwa kuchoshwa na kelele za mkoromo, akahamia chumba cha watoto. Sisi tukasema huyu ni Baba mtupu, tukacheka. Mpaka asubuhi moja aliposinzia akingoja taa za barabarani zimruhusu, basi limejaa watoto, likasogea lenyewe na kuligonga gari la mbele. Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe. Lakini msimamizi wake alimnyang'anya funguo: hashiki usukani mpaka daktari aseme.

"Dada, ni uchovu tu," akaniambia.

"Uchovu gani, na unalala kama gogo? Twende hospitali. Ukibisha nakubeba mgongoni."

Wakamlaza huko, wakambandika nyaya kichwani na kifuani wapime usingizi wake. Tuliporudi kuchukua majibu, daktari, mama mmoja mtaratibu mwenye miwani, akauliza kama kuna mwingine kwenye familia aliyekuwa akikoroma. Eh! Redio akapata jukwaa.

"Ngoja nikuonyeshe mzee wetu, daktari."

Akajitupa kwenye kitanda cha wagonjwa, viatu na vyote, akaanza. Nikaanza kucheka. Akanguruma, akakata. Daktari hakucheka. Alimtazama kifua, akatazama saa ya ukutani, akanitazama mimi. "Khaaa!" Redio akainuka akingoja makofi.

"Alikuwa akikaa kimya muda wote huo?" daktari akauliza.

"Wote. Sijaongeza chumvi hata kidogo."

"Alifariki vipi?"

Nilitaka kusema kifo kizuri. Redio ndiye aliyejibu, kwa sauti yake mwenyewe, ambayo ni nadra kuisikia. "Usingizini."

Daktari akasema hawezi kumpima mtu aliyekwisha kuzikwa, kwa hiyo hatasema nini kilimchukua Baba. Lakini majibu ya Redio alikuwa nayo mkononi. Redio akilala, nyama za koo zinalegea na kuziba njia ya hewa. Pumzi inakatika, moyo unahangaika, ubongo unashtuka kumwamsha, naye hakumbuki kitu. Inakuwa hivyo usiku kucha, tena na tena, ndiyo maana mchana anasinzia. Akiachwa hivyo, presha itazidi, moyo utachoka, na kiharusi hakiko mbali. Si kila anayekoroma anaumwa, akasema, ila anayekatika pumzi asichekewe, apimwe.

Lile neno "asichekewe" lilinichoma.

Dawa yake ni nini? Apunguze mwili, alale ubavu, aache pombe ya jioni. Wapo wanaofaa kuvaa kifaa mdomoni cha kusogeza taya mbele, wapo wa kupasuliwa. Kwa Redio, hali ilivyo mbaya, ianze mashine: barakoa puani na bomba linalosukuma hewa ili koo lisijifunge.

"Nilale na mkonga kama tembo? Mke wangu si atakimbia!"

"Alishakimbia," nikamwambia. "Yuko chumba cha watoto."

Akaichukua kwa shingo upande. Wiki haikuisha, nikaikuta imetupwa juu ya kabati. Eti inambana, eti inamkausha pua. Hapo nilipandwa na hasira ambazo sijawahi kuwa nazo.

"Baba hakuambiwa!" nikamfokea. "Hakuna aliyemwambia, sote tulikuwa tunacheka! Wewe umeambiwa. Ukifa, sikulilii ng'o!" Nami nilikuwa nalia tayari.

Redio aliishusha mashine, akaipangusa vumbi, akarudi nayo hospitali. Kumbe barakoa ilikuwa kubwa kwa uso wake. Wakambadilishia, naye akaanza kuivaa kila usiku.

Asubuhi moja akanijia jikoni, kanyoa ndevu, macho meupe. Nilidhani kaja kuniambia karudishiwa funguo.

"Dada, nimeota."

Alikuwa hajaota kwa miaka. Nikamuuliza kaota nini.

"Baba."

Nikajiandaa kucheka, nikijua ataanza kumwiga. Hakuiga chochote. Alivuta kiti akakaa.

"Alikuwa macho, Dada. Nimekaa naye, namsimulia habari ndefu, naye ananisikiliza mpaka mwisho."

Nikaweka sufuria chini. Maisha yangu yote na Baba, sikuwahi kumaliza kumsimulia kitu kabla hajasinzia. Nikakaa karibu na mdogo wangu, nikamwomba anisimulie ile ndoto tena, polepole, asiruke hata neno.