Mchezo wa Danganya

"Mtu wangu ananing'inia kwenye kamba, hii ni Jumapili ya tatu," mwanamke yule alisema kabla hajakaribishwa ndani, "na mimi nimechoka kungoja."

Wepukhulu aliweka randa yake chini akamtazama. Hakuwahi kumwona. Futi ya kupimia nguo ilikuwa imemlalia shingoni, na viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi la kutoka Kawangware hadi Kianda kwa miguu. Seremala huyu alizoea watu wa kuja kulalamika, huyu kwa meza inayoyumba, yule kwa kitanda kinacholia, lakini habari za kamba hazikuwa zake. Akamuuliza kwa upole kama hajakosea mlango.

Hakukosea. Aliitwa Gathoni, alishona nguo Kawangware, na alikuwa akimtafuta Trizah, yule msichana anayewachezesha Danganya.

Neno hilo lilimkalisha Wepukhulu juu ya benchi lake. Alidhani duniani kote ni watu wawili tu wanaolijua kwa maana hiyo, yeye na binti yake.

Mwaka wa 1983 alikuwa akitengeneza makabati katika nyumba moja ya Lavington. Wanafunzi wa kigeni waliokuja likizoni walikuwa wakikaa mezani kutwa nzima. Mmoja alisimulia habari za mapango na mazimwi, wengine kila mmoja akawa na mtu wake ndani ya hadithi, akasema mtu huyo anafanya nini, na bahati ikaamua kama atafaulu. Siku moja kiti kimoja kilikuwa kitupu, wakamwita fundi akijaze. Walilitaja sana jina la lile shimo la wafungwa, danjeni, na masikioni mwake likaingia "danganya". Akaona linafaa kabisa, maana kazi yote ilikuwa uongo mtamu. Alicheza Agosti nzima. Walipoondoka alibaki bila kitabu wala dadu zao za pande nyingi, basi akaokota vifuniko ishirini vya soda, akavikwaruza nambari moja hadi ishirini, akavitia katika kopo tupu la mafuta ya kupikia ya Kimbo. Anayesimulia ndiye anayechomoa. Ukipata kubwa umefaulu, ukipata ndogo umeumia.

Trizah alianza kucheza akiwa na miaka saba. Alipofika kumi na nne akasema hayo ni mambo ya watoto. Wepukhulu hakumlaumu. Alijiambia kwamba mtoto hurithi pua na miguu, lakini kupenda kitu hakurithiwi. Hata kopo lilipopotea chini ya kitanda hakuuliza.

Sasa Gathoni alikuwa akimweleza kwamba kwa mwaka mzima, kila Jumapili, Trizah amekuwa akikaa katika kibanda chake cha cherehani na vijana wanne, akiwasimulia. Mwanzoni Gathoni alishona tu huku masikio yakiwa kwao. Kisha siku moja alisimamisha cherehani akawakemea wasilifungue sanduku moja la ndani ya hadithi, na wao wakamsogezea kiti.

"Sisi anatuambia anaenda kwaya," Wepukhulu alisema polepole. Moyo ulikuwa ukimdunda kama wa mtu aliyeona jina lake gazetini.

Pazia la chumbani likasogea. Trizah alitoka na skafu shingoni. Koo lilikuwa limemvimba, na kwa majuma matatu hakuwa na sauti zaidi ya mnong'ono.

"Kumbe kwaya imekula sauti yote," Gathoni akasema, na binti akacheka bila kutoa mlio.

Wepukhulu alitaka kumkumbatia. Badala yake akamuuliza kwa nini alimficha yeye, baba yake, mtu wa kwanza ambaye angefurahi. Trizah alirudi ndani, akatoka na kopo, akalitikisa mpaka kikatokea kifuniko chenye nambari ishirini. Ukingo wake ulikuwa umekunjwa kidogo kwa koleo.

"Ulikuwa unakitafuta kwa vidole," alinong'ona. "Kila nikikaribia kufa, ishirini. Miaka saba sikuanguka hata mara moja. Nikajua sichezi, nabebwa."

Wepukhulu hakukana. Alieleza tu kwamba binti alikuwa mdogo sana, na alilia haraka.

"Danganya ni jina la mchezo, Baba. Si kazi yako."

Gathoni akakohoa. Alikumbusha kwamba vijana wamekaa tangu saa saba, na kwamba yeye mtu wake bado yuko kwenye kamba. Akamtazama seremala, Trizah naye akamtazama, na Wepukhulu akahisi miguu yake imekuwa myepesi kama ya kijana wa mpira.

Trizah alimwandikia kwenye karatasi yote yaliyokuwa chini ya daraja la hadithini, pale kamba iliponing'inia, ili asimulie badala yake, kisha akampa kopo.

"Sikukinyoosha kile cha ishirini," alinong'ona. "Kila Jumapili vidole vyangu vinakipata. Nakiacha. Niahidi na wewe utakiacha."

Akaahidi.

Walivuka Ngong Road wakapanda Naivasha Road, Gathoni akihema nyuma, maana seremala alikuwa karibu kukimbia. Kibandani kijana aliyeitwa Ishmael alimpima kwa macho.

"Niaje mzee, umekuja kutupimia kabati?"

"Nimekuja kuwapima roho," Wepukhulu alijibu, na wakamcheka, wakamsogezea kiti.

Na alisimulia. Alinguruma kama mto ulio chini ya daraja, akawa mlinzi kiziwi, akawa mbuzi wa mlinzi. Wapita njia walisimama mlangoni. Ishmael alisahau kejeli zake, akawa anauliza tu, halafu, halafu. Jioni haijafika, na tayari walikuwa wakimuuliza kama atakuja tena.

Ndipo Gathoni akasema mtu wake anapanda kamba. Alihitaji nambari kumi au zaidi. Alikuwa amemshonea mtu huyo jina, ukoo na deni la damu, na sasa alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Wepukhulu aliingiza mkono koponi. Mara moja kidole kilikipata kile kilichokunjwa, juu kabisa, kana kwamba kilikuwa kikimngoja. Trizah alikuwa Kianda. Hapa hakuna aliyejua. Mama huyu ametembea mbali hivyo, na mtu wake akifa leo, mikononi mwa mgeni, nani atamtaka tena huyu mzee wa mbao?

Akakisukuma pembeni. Akachimba chini, akachomoa, akakiweka mezani nambari ikiwa juu, wote waione.

Tatu.

Gathoni aliziba mdomo. Ishmael alimtazama mzee, akingoja aseme kuna namna.

"Kamba imekatika," Wepukhulu alisema.