Mirunda ya Mitrovdan

Baba alikuwa ameshainua nyundo nilipopita chini ya mkono wake, nikaingia katikati ya mirunda iliyoshikilia dari ya zege ya zahanati mpya, nikaketi juu ya ndoo.

"Toka hapo, Stamena. Watu wanacheka."

"Wacheke. Ukigonga, gonga nikiwa humuhumu."

Vijana wake wa kazi walijifanya wanatafuta misumari.

Kesho yake ilikuwa Mitrovdan, sikukuu ya Mtakatifu Dimitrije, siku ambayo kwetu Serbia kila fundi huwa amekwisha kurudi nyumbani. Isitoshe, Dimitrije ndiye mtakatifu wa ukoo wetu, na wageni wangejaa. Baba, Vukašin fundi mkuu, hakuwahi kuacha mrunda umesimama hadi siku hiyo. Ilikuwa fahari yake, na alijua kuringa nayo.

Ila zege la zahanati hii nililichanganya mimi, kiwandani kwetu. Nusu ya saruji niliitoa, nikatia unga wa mabaki ya tanuri la chuma, maana kuchoma saruji kunatoa moshi wa kutisha. Linakuwa imara, lakini baridi ikiingia linachelewa kushika. Nilimwambia. Akanijibu kwamba zege halimfundishi yeye kalenda.

Niliogopa, sifichi. Dari ikianguka ingeua mtu, na hakuna ambaye angenunua tena zege langu katika mji ule.

"Mkaidi kama mama yako," alisema mwishowe, akaitupa nyundo mchangani.

Siku ya sikukuu walimsulubu mezani. Jirani yetu Božidar, mdomo umejaa kabichi, akauliza, "Vukašin, umejenga zahanati au umepanda msitu?"

"Msitu. Njoo masika uokote uyoga."

Walicheka. Yeye hakucheka, wala hakunitazama hadi wageni walipoondoka. Iliniuma.

Wiki kadhaa baadaye nilipima vipande vya majaribio vya zege lile, nikamwambia Baba tayari. Akanivusha barabara, akaniamuru nisisogee hata hatua moja, kisha akaingia peke yake. Nilisikia nyundo, mrunda ukaanguka, halafu mwingine, hadi ukaanguka wa mwisho. Kimya. Nikakimbilia ndani.

Alikuwa amepanda juu ya ndoo, kiganja kakibandika darini.

"Limeshika," akasema. Akashuka, akaanza kukusanya mbao.

Hatukulizungumza tena. Mwaka uliofuata, vuli, alinipigia simu kiwandani. Alikuwa anaezeka baraza ya nyumba yake kwa zege.

"Niletee lile lako la kuchelewa."

"Baba, Mitrovdan imekaribia. Wageni watapita wapi?"

"Watainama."

Wakainama kweli, Božidar wa kwanza, sahani ya keki mkononi, akilaani kila mrunda aliougonga kwa paji la uso. Baba alisimama mlangoni akiwapokea mmoja mmoja, na kila aliyeingia alimwambia, "Taratibu, hilo ni zege la binti yangu."