Themanini Katika Ukungu

Consolata alizaliwa Amani, kule juu kwenye mashamba ya chai, ambako ukungu huingia nyumbani bila hodi. Asubuhi ile alipotoka Muheza na bwana harusi ndani ya gari lake la kukodi aina ya Noah, hakushtuka kukuta barabara imemezwa. Aliwasha taa, akasogeza kiti mbele, akaenda taratibu.

Bwana harusi, Luqmani, alikuwa nyuma amejiinamia ndani ya kanzu mpya, anasinzia. Mbele alikaa ami yake, Mzee Jumbe, ambaye kila dakika alitazama saa. Ndoa ilikuwa ifungwe Ngamiani, kule mjini, saa nne.

Kibao kikajitokeza kwenye weupe, kikaelea kidogo, kikapotea. Themanini.

"Umekiona?" akauliza Mzee Jumbe.

"Nimekiona, baba."

"Mbona basi twenda arubaini? Serikali yenyewe imeruhusu themanini. Au gari bovu?"

"Gari zima. Aliyekisimika alikuja siku ya jua, baba. Mimi leo naona mwisho mnazi ule. Lazima niweze kusimama kabla ya kuufikia."

Mzee akautazama mnazi. Nyuma yake hapakuwa na dunia.

"Watu wa Ngamiani watasema sisi Wabondei hatujui saa," akanung'unika. "Kaza mwendo, mwanangu."

Basi likawajia nyuma, likapiga honi, likawapita kwa kishindo. Taa zake nyekundu zikawaita. Consolata aliona haya, akakanyaga mafuta kuzifuata. Na hapo kitu kikamlainisha. Miti ilikoma kupita, lami ikanyamaza, gari likawa kama limesimama juu ya pamba, na yeye amekaa tu akibembelezwa. Hakujua alikaa hivyo kwa muda gani. Alipoutupia jicho mshale, ulikuwa umefika sitini na tano.

Moyo ukampiga paa! Akaachia mafuta, akashuka hadi thelathini. Taa za basi zikazama mbele.

"Nilipitiwa, baba," akasema. "Ukungu unakuiba. Unakimbia, nawe waona umetulia."

Mzee akafungua kinywa kumjibu, lakini chungwa moja likabingirika kutoka kwenye weupe, polepole, likapita chini ya gari. Yakafuata matatu. Kisha lami yote ikageuka rangi ya chungwa. Consolata akakanyaga breki, gari likateleza kidogo, likasimama. Mbele yao, umbali wa urefu wa kitanda, lori lilikuwa limelala kuziba njia.

Mzee Jumbe alikuwa ameushika mkono wa Consolata bila kujua.

"Alhamdulillahi," akanong'ona mwishowe.

Basi lile lilikuwa limelikwepa lori na kuingia shamba la mkonge. Abiria walikuwa wamesimama kati ya mikonge, wazima, wengine wamechubuka, wakiitana majina kwa sauti za chini. Dereva wa lori alikaa ukingoni na kichwa mikononi.

Luqmani akaamka. "Tumefika?"

"Bado," akasema ami yake. "Shuka utusaidie."

Alishuka, akaduwaa akidhani bado anaota. Kisha akapandisha kanzu, akaanza kuokota machungwa. Wengine wakamfuata. Wanaume wakakata matawi, wakayaweka nyuma yao barabarani kuwaonya wanaokuja. Ilichukua zaidi ya saa nzima hadi upande mmoja ukafunguka.

Walifika Ngamiani saa sita kasoro. Baba wa bibi harusi alikuwa mlangoni, uso umekunjamana.

"Shikamoo, mzee," akasema Consolata.

"Marahaba. Ndiye wewe dereva uliyetuchelewesha?"

Mzee Jumbe akatangulia mbele yake. "Mimi ndiye niliyemhimiza akimbie. Angenisikia, leo mngekuwa mnatuzika, si kutuoza."

Uso wa yule baba ukalegea. Akatazama kanzu ya Luqmani iliyotapakaa maji ya machungwa, akamshika bega, akamwingiza ndani.

Sheikh alipoanza hotuba ya nikahi, wanawake walimtandikia Consolata mkeka uani, wakamletea sinia la pilau. Alikula matonge mawili. Jua lilikuwa limetoka, kuta zimepata joto, na sauti kutoka ndani zikawa zinamfikia kwa mbali, zikififia. Akajilaza ubavu. Mtu mmoja akamfunika kanga, naye akalala.