Damu ya Mama Lightness

Kila asubuhi, kabla ya kugawa ndoo, nyapara Wilibrodi alimnusa Bibiana mdomo. Wachumaji wengine wa kahawa walipita tu. Bibiana alisimama pembeni, mtoto mgongoni, akapumua.

"Leo umekunywa nini, Mama Lightness?"

"Shikamoo, mzee. Uji."

"Uji gani huo unamyumbisha mtu?"

Wenzake wakacheka kidogo. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi tangu kiangazi kianze, na jicho la kushoto liliona ukungu hata jua likiwa kali. Mtoto akimpiga teke mgongoni, hakusikia kitu. Nyapara alishasema: akiyumba tena anatoka kwenye kambi ya wachumaji, chumba apewe mtu asiye mlevi.

Siku ya mnada akaenda zahanati, Karatu mjini. Nesi Cresensia akamtoa damu, akaitia kwenye chupa ndogo, akaisimamisha kwenye kishikio. Damu ikatulia, halafu ikakohoa.

"Malaria hakuna," ikasema. Sauti ilikuwa ya Bibiana, ila imepumzika. "Na pombe hajanywa. Ndani yangu vinaelea vipande vya mishipa ya fahamu. Kinga ya mwili wake inaimenya mishipa hiyo ganda, kama mashine inavyomenya kahawa mbivu."

Nesi akamwita daktari Hilary. Akaja na chapati mkononi, akainama, akasikiliza mpaka mwisho.

"Sklerosisi hiyo, ugonjwa wa mishipa ya fahamu," alisema. "Tuliisoma chuoni. Sasa dada, kipimo chake hatuna. Hata kingekuwepo, ingetakiwa na picha ya ubongo, na mashine yake iko mbali."

"Lakini si imesema?"

"Imesema vizuri sana. Ila haijapimwa."

Akampa vitamini. Nesi akamrudishia na chupa yake, maana watu wa foleni walishaanza kuiuliza mambo yao.

Jioni Bibiana akaiweka mbele ya nyapara. Damu ikaeleza yote upya, polepole, pamoja na mfano wa kahawa. Wilibrodi aliitikia kwa kichwa. Alielewa.

"Nimeisikia," akasema. "Lakini imetoka mwilini mwako. Shahidi gani huyo analala nyumba moja na mshtakiwa? Ukiyumba, neno langu ni lile lile."

Watu wa kambi waliona ana hoja.

Chupa sasa inakaa dirishani, karibu na sabuni. Mtoto akilia, damu humbembeleza kwa sauti ya mama yake, naye hunyamaza. Alfajiri humwambia Bibiana mguu upi hautafanya kazi.

"Leo wa kulia. Jicho lina afadhali."

Bibiana humfunga mtoto mgongoni kwa kanga. Humshika kidole cha mguu, kisha hugeuza shingo kutazama, kwa sababu kwa kugusa tu hajui kama amekishika. Amekishika. Hushuka kwenye mstari wa ndoo akijiegemeza kwenye mibuni, mmoja baada ya mwingine.

"Pumua," husema Wilibrodi.

Naye hupumua.