Kitanda cha Mtihani

Mgeni wa kwanza wa kweli katika hoteli ya chuo aliingia bila kutarajiwa na mtu, kikapu mkononi, chupa ya chai kwapani, macho mekundu kama pilipili.

"Mwanangu, kuna chumba?"

Kwenye kaunta alikuwepo Tandika peke yake. Jina hilo alibandikwa na mjomba wake, ambaye mpaka leo haelewi kwa nini mwanamume mwenye ndevu aende chuo kusomea kutandika kitanda. Ukutani zilining'inia saa tatu za miji ya ng'ambo, zote zimesimama. Chini yake, funguo kumi na mbili. Kumi na moja hazikufungua kitu chochote duniani. Mmoja ulifungua chumba pekee cha mazoezi, na humo Tandika alikuwa ametoka kutandika kitanda cha mtihani: pembe zimekunjwa kama bahasha, shuka limevutwa hata mbu angeteleza.

Mtihani ungesahihishwa mchana huo. Akifaulu, angepelekwa mazoezini kwenye hoteli ya kweli, yenye lifti. Akifeli, muhula mzima tena na saa zilizosimama.

Akafungua kinywa aseme hapa ni chuo tu. Kikatoka alichofundishwa.

"Karibu sana, mama. Pole na safari."

"Safari gani? Nimemuuguza mume wangu wodini, nalala kwenye benchi. Leo ndugu zake wamekuja kunipokea zamu, kila mmoja na ushauri wake. Nataka kulala tu. Ila niahidi hakuna atakayeniamsha. Kule wanakuamsha kukuuliza kama umelala."

"Hakuna atakayekuamsha, mama. Utaamka mwenyewe."

Alijipigia hesabu: atapumzika nusu saa hivi, kisha kitanda kitatandikwa upya. Akamfungulia, akaning'iniza mlangoni kibao cha Usisumbue.

Mchana ulipofika, mama alikuwa anakoroma kama mashine ya kusaga. Mwalimu wa malazi akaja na msahihishaji, Tandika akawafuata, wakasimama mlangoni.

"Nini hicho?" mwalimu akauliza.

"Mgeni, mwalimu."

"Sisi hatuna wageni."

"Tunaye mmoja."

Msahihishaji akatazama saa yake. "Fungua, kijana. Dakika mbili tu nikague shuka."

"Amelala. Nimemwahidi hataamshwa."

"Mwamshe kwa adabu," mwalimu akasema. "Si tulisoma? Gonga, jitambulishe, tabasamu."

"Tulisoma na kibao pia. Ulisema kikining'inia, hata meneja haingii."

"Nilikuwa nafundisha tu, Tandika. Usiyachukulie yote kwa uzito."

Tandika akajisogeza mbele ya kitasa. Aliiona lifti ile ikipanda bila yeye. Lakini hakuondoka mlangoni.

Msahihishaji akang'ata mdomo kuzuia kicheko, kisha akaandika sifuri. "Samahani, kijana. Siwezi kutoa alama kwa kitanda nisichokiona. Utarudia." Akaenda zake.

Mwalimu alibaki amemkodolea macho. "Muhula mzima," akaanza, sauti ikipanda, "muhula mzima kwa sababu ya mama asiyejua hata —"

"Polepole, mwalimu," Tandika akamnong'oneza. "Kuna mtu amelala."

Mwalimu akaondoka akinyata kwa ncha za viatu vyake.