Baiskeli Iliyobaki Korongoni

"Muongo wewe! Sikushuka korongoni mimi!" Sabiri kanipigia ukelele mpaka mama kaacha kuchambua mchele.

"Ulishuka! Ulikuwa unanijibu!"

"Nikujibu saa ngapi? Nilipata pancha pale juu, nikageuza. Muulize mama yako, nimefika hapa adhuhuri haijaadhiniwa."

Mama akaitikia kwa kichwa. Sasa nani alikuwa ananiitikia kule?

Sabiri ni mtoto wa mjomba, anatembeza wageni kwa baiskeli za milimani kwenye hoteli moja hapa Ushongo. Mimi tangu nimalize fomu foo nipo nipo tu. Bosi wake anatafuta mtu wa pili, nikamganda anifundishe. Leo asubuhi ndiyo akanipeleka korongoni, kule nyuma ya mashamba ya mkonge. Kukavu! Kuta nyekundu huku na huku, ndefu kupita minazi, chini mchanga na mawe, hata kunguru hapiti.

"Tangulia," akaniambia. "Breki ya mbele usiiguse. Kila kona niite, nijue hujaanguka."

Nikashuka. Jamani! Tumbo lilibaki juu. Tairi zinateleza, na mimi nacheka peke yangu kama chizi. Kona ya kwanza nikaita, "Sabiriii!"

"Eee!" nyuma yangu.

Kona ya pili, "Eee!"

Kona ya tatu nikajibiwa kabla sijaita. Tena kutoka mbele.

Nikakamata breki, hiyo hiyo ya mbele, nikaruka juu ya usukani. Nilipoinuka, mchanga mbele yangu ulikuwa laini, hauna alama ya tairi wala ya mguu.

"Eee," ikasema tena, polepole, kama mtu anajifunza.

Baiskeli nikaiacha palepale. Nimekuja mbio mpaka nyumbani, goti linavuja damu.

"Ulimwita kwa jina?" mama akaniuliza. "Weye Sele! Porini mtu haitwi jina, hupigiwa mluzi. Hulijui hilo?"

"Nalijua, mama. Niliona mambo ya kizamani."

"Ya majina sijui," Sabiri akadakia. "Baiskeli ya hoteli ile! Saa kumi wageni wanaitaka. Isipoonekana kazi sina, na wewe ndiyo huipati kabisa."

"Basi twende wote tukaichukue."

"Nitaendaje na pancha?"

Nikachungulia dirishani. Baiskeli yake imeegemea ukuta, tairi zote mbili zimejaa upepo.

"Pancha iko wapi, Sabiri?"

Akainamisha kichwa. "Nilikusikia unaniita. Lakini sauti yako ilitoka nyuma yangu, njia tuliyojia. Na wewe nilishakuona ukiteremka. Nikakatiza mashambani, nikakimbia."

"Ukaniacha mle?"

Akageuka kumtazama mama.

"Ukaniacha mle, halafu kazi unataka ubaki nayo?"

"Hutoki, mwanangu," mama akasema, kanishika shati. "Wallahi hutoki."

"Naifuata, mama. Bosi ataipokea mkononi mwangu, sio mwa Sabiri."

Nikamtoa mkono taratibu, nikatoka, nikafunga mlango.