Vinywaji vya Nje Haviruhusiwi

"Fungua begi," alisema mlinzi wa geti, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Komeo.

Kijiti, msichana mwembamba, alifungua. Chini ya madaftari kulikuwa na chupa ya maji aliyochemshiwa na mama yake.

"Vinywaji vya nje haviruhusiwi."

"Shikamoo, mjomba. Ni maji tu. Daktari kasema nisipokunywa figo zitaharibika. Hata mkojo unanichoma."

"Marahaba. Juzi mwenzako naye aliniambia maji, kumbe pombe. Nina watoto wa kulisha, mwanangu. Mimina."

Akamimina. Vumbi likanywa yote.

Bomba la shule lilikuwa limekauka tangu muhula uliopita. Iliyobaki ni kantini ya mke wa mwalimu mkuu, na kantini hiyo haikuuza maji; eti maji hayana faida. Iliuza soda, na vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu ambavyo wanafunzi wa kidato cha nne walikesha navyo mpaka mikono ikawatetemeka. Kila mtu alilijua hilo, ila nani amfunge paka kengele?

Asubuhi hiyo walikusanywa uwanjani. Alikuwa amekuja mtaalamu wa afya, mama mmoja mwenye sauti tamu, kuwaonya kuhusu sigara, pombe, kukaa bila mazoezi, na sukari. Jua liliwapiga utosini. Kijiti alibana mapaja. Tumbo la chini lilimkata.

"Haya wanangu, mtu akishikwa na kiu anywe nini?" mtaalamu aliuliza.

"Simama wewe, shoga," Redio, rafiki yake asiyejua kunyamaza, alimfinya. "Si ndiwe mgonjwa wa maji?"

Kijiti akasimama. "Maji. Lakini hapa shuleni..."

"Safi kabisa! Makofi!" mwalimu mkuu alidakia, na makofi yakameza yaliyobaki. "Zawadi yake iletwe!"

Mkewe akaja mbio kutoka kantini na soda ya baridi, chupa inatoka jasho, kizibo kimeshafunguliwa. Mtaalamu alisita. Akamtazama mwalimu mkuu, akaitazama soda, kisha akatengeneza kilemba chake na kusogea.

"Kunywa basi, mwanangu, tupigwe picha."

Kijiti aligeuka kutazama getini. Pale alipomimina maji palikuwa pakavu kama hapakuwahi kulowa. Ulimi ulikuwa umemganda kwenye kaakaa.

"Asante, mwalimu," akasema, akaipeleka chupa mdomoni.

"Nibakizie basi," Redio alinong'ona. "Hata mimi nina kiu."

Hakumbakizia.